Samaki Baridi ya Kasenga

Kamio ya Ruben, lori kubwa ya mizigo, ilikufa katikati ya mulango wa parking, kule Annexe, pembeni ya muji, saa ya kutoka, na nyuma yake kamio kumi zikaanza kupiga honi. Mwelwa, fundi mwanamuke wa umeme wa magari, alikuja na salopeti yake ya kazi ya bluu na kitambaa chekundu kichwani, akapanda bila kuomba ruhusa. Alipima batri mbili pamoja, akazikuta zimechoka, akaweka mpya. Ruben akamuuliza kama anaweza kupima na moyo. Mwelwa akamujibu kwamba moyo ya mashofere haina volti.

Lakini alicheka. Tangu siku ile Ruben alimupigia simu kila jioni kutoka barabarani, na kila juma alimuletea samaki ya Kasenga, mubichi na baridi kama imetoka mu mayi ya muto sasa hivi. Mwelwa alikula, akamushukuru Mungu.

Wakati wa mvua, kamio ikazimika mu barabara ya Kinsevere. Wakaivuta hadi parking. Ruben akashuka na matope mpaka magotini, mashofere wote na Mwelwa wakimuangalia, akasema:

« Mulisemaka mwanamuke hajue umeme. Mulisema kweli. Aliniwekea batri za kufa. »

Mwelwa alikusanya vyombo vyake, akaenda. Juma mbili hakuna shofere aliyemuita kazi. Simu za Ruben alizikata zote. Hasira ililala naye, ikaamuka naye, ikaenda naye misa na kurudi naye.

Jumatatu asubuhi Mwelwa akarudi mwenyewe kwa ile kamio, batri zake zilishachajiwa tena. Alimuambia Ruben awashe moteri na anyamaze. Harufu ya mayai ya kuoza ilikuwa inatoka kwa batri. Safari hii alizipima moja moja.

« Zote mbili pamoja, volti ishirini na nane. Muzuri, njo vile inapashwa. Sasa angalia. Hii kumi na mbili. Hii kumi na sita. Moja inakufa na njala, ingine inachemuka. Nani iko anakunywa umeme kwa hii moja? »

Ruben akaangalia viatu vyake. Mwelwa akafuata waya iliyotoka kwa ile batri ya njala, kwa vidole, chini ya kiti, nyuma ya blanketi, mpaka kwa frigo ndogo. Magamba ya samaki yalikuwa yamekauka kwa mufuniko.

« Ni ya samaki yako, sheri, mupenzi wangu. »

« Usiniite sheri. Unanilisha na huu mukono, na ule mwingine unaniharibia jina. »

« Sikujua kama inaua batri. »

« Na hukuuliza. »

Hasira ikazidi kumupanda, maana na yeye alikuwa na kosa: fundi muzima, miezi sita, hakujiuliza hata mara moja ile baridi ya samaki inatoka wapi.

« Ulinitukana mbele ya bantu, » akasema. « Njo kule mbele yabo utasema kweli. »

Hakumusaidia. Alifunga mikono kifuani, akaangalia Ruben akiita mashofere jina kwa jina, frigo mikononi, akisema ni yeye aliyefunga ile waya, na fundi alisingiziwa bure. Muzee Mumba, mukubwa wa mashofere, akauliza: na fundi mwenyewe hakuona?

« Sikuona, » Mwelwa akasema. « Nilikuwa nakula. »

Parking yote ikacheka. Mwelwa hakucheka. Hapo Ruben, jasho likimutiririka, akauliza mbele ya wote kama anaweza kutuma bajomba wake nyumbani kwao Mwelwa, kumuomba ndoa.

Mwelwa akakata ile waya, akaikunja polepole, akaitia mufukoni.

« Batume. Lakini baje na samaki ya kukauka. »