Ubao wa Darasa la Nne

Waligongana mlangoni mwa shule ya zamani, siku ya mnada, watu wamejaa uani kama siafu. Mwanamume ni fundi rangi, ndoo mkononi. Mwanamke ni mshonaji, na gauni lake la njano likarukiwa na rangi nyeupe.

“We kaka, macho umeyaacha nyumbani?”

“Nilikuja nayo, dada. Umeyachukua wewe.”

Akacheka bila kutaka. Basi, yakaanzia hapo hapo.

Shule ile ilishafungwa, lakini wakazi walikataa ibomolewe. Wakaifanya ya watu wote: huku maktaba, kule kliniki ya watoto, na Darasa la Nne akapewa mshonaji afundishie cherehani. Fundi aliajiriwa kupaka kuta. Kazi akaivuta makusudi, jamani, apate kumwona kila siku.

Jioni simu hazikauki.

“Umekula, roho yangu?”

“Nitakulaje na wewe hupo?”

“Muongo mkubwa! Sikia, Jumapili njoo darasani kwangu nikutambulishe kwa baba.”

Lo! Fundi akaruka kitandani. Baba mkwe anakuja! Hakuuliza zaidi, furaha haina maswali. Jumamosi akajifungia darasani, akapaka kuta, akapaka madirisha, na ule ubao mkuukuu uliojaa chaki akaupaka rangi nyeusi, mkono wa kwanza na wa pili, mpaka ukang’aa. Mzee aone binti yake kapata mwanamume hasa.

Jumapili mshonaji alikuja peke yake. Fundi, shati limenyooka, akampokea meno yote nje.

“Mzee yuko wapi, mpenzi?”

Mwenzake alikuwa anautazama ubao.

“Umefanya nini?”

“Nimempambia baba.”

“Baba ndiye aliyekuwa pale! Alikuwa mwalimu humu. Alianguka akiandika somo, hakuamka tena. Hakuna aliyethubutu kuufuta mwandiko wake. Picha yake hatuna, tulikuwa na huo mwandiko tu.”

Fundi akachovya tambara kwenye mafuta ya taa, akasugua kama mwendawazimu. Rangi ikatoka, na chaki ikatoka nayo.

“Acha, mpenzi. Acha.” Akamshika mkono.

“Mbona hukuniambia?”

“Nilitaka uje umwone mwenyewe. Mambo kama haya nitayasemaje kwenye simu?”

“Nisamehe, mama.”

“Nimekusamehe. Kosa ni letu sote.” Akamfuta rangi vidoleni kwa upindo wa gauni, polepole, kidole baada ya kidole. Fundi akaona machozi yanamdondokea kiganjani, akadhani mambo yamekwisha, wamepatana.

“Basi tukae hapa kidogo, tulie wote.”

“Siwezi. Cherehani nitatuma watu waje kuichukua. Nitatafuta chumba kwingine.”

“Na mimi?”

Akakiachia kiganja.

“Hunipendi tena?”

“Nakupenda mno. Ndiyo maana naondoka kabla sijaanza kukuchukia.”