Aliyesikia Asiitike

Benchi lilikuwa na joto.

Johari alilikalia asubuhi ile ili afunge viatu, kama alivyozoea tangu aanze kazi katika nyumba ile ya Fairfax, na mara akanyanyuka huku akijipapasa nguo kwa nyuma. Ubao mzima, mwanzo hadi mwisho, ulikuwa na lile vuguvugu wanaloliacha watu waliokaa muda mrefu wakaondoka sasa hivi. Na Akinyi wa zamu ya usiku alikuwa ameshakwenda zake. Ndani alibaki yeye na Mzee Christopher tu, naye mzee alikuwa bado kitandani akisubiri kuvishwa soksi. Johari akainama kutazama kama kuna bomba la joto chini. Hakuna. Akajisemea ni jua la dirishani, ingawa nje kulikuwa na mawingu tangu juzi, na harufu iliyobaki pale haikuwa ya jua. Ilikuwa ya kondoo aliyelowa mvua.

Johari ni mtu wa Wete, Pemba, na Pemba hakuna anayefundishwa habari za majini shuleni, anazikuta nyumbani. Hapa Virginia kazi yake ilikuwa kulea wazee: kuwaogesha, kuwapikia supu, kuwapa dawa. Usiku aliendesha gari kurudi Manassas kwa Safa, bintiye wa pekee, msichana wa darasa la sita anayesikia Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza. Kila alichovumilia Marekani alikivumilia kwa ajili ya Safa, na hakuona haya kulisema hilo mbele za watu.

Mzee Christopher alikuwa amefundisha chuo kikuu maisha yake yote, na somo lake lilikuwa moja: vijiji vya Uingereza vya zamani za mabwana na mashamba yao. Lile benchi la mwaloni alilinunua huko huko, ukumbi wa kijiji ulipobomolewa. Alipenda kuhadithia, na Johari alipenda kusikiliza, maana mambo yenyewe yalikuwa yale yale ya Wete: kuku wa jirani kala mbegu, fulani kasogeza mpaka, mke wa huyu kamtukana mke wa yule.

"Hapakuwa na wakili," mzee alimwambia jioni moja, kijiko cha supu kikining'inia mkononi. "Wanakijiji kumi na wawili walikaa pale kwenye benchi wakaamua wenyewe. Wao ndio wanaojua nani mwongo."

"Na polisi?"

"Polisi ni wewe. Ukidhuriwa unapiga yowe, na kila anayesikia lazima atoke. Aliyesikia asiitike, siku ya baraza anashitakiwa yeye."

"Asipokwenda barazani?"

"Anaitwa mara tatu. Kisha wanaanza kukamata vitu vyake. Sufuria. Koti. Mpaka aje." Mzee akatabasamu, maana hapo ndipo palipomfurahisha zaidi. "Na hata akija, hasimami peke yake. Lazima apate mdhamini. Yeye akishindwa kutimiza alichohukumiwa, mdhamini anabeba."

Johari akamwambia kwao pia ukipigwa ukunga watu hutoka na mapanga. Ila hakumwambia lile jingine, kwamba bibi yake alimlea na amri moja isiyokuwa na msamaha: ukiitwa jina lako magharibi, na humwoni anayekuita, usiitike. Jini huita kwa sauti ya mtu unayemjua. Ukisema naam, umemfungulia mlango.

Aliitwa siku ile ile. Ilikuwa Desemba, jua linazama watu wakiwa bado kazini, na Johari alikuwa akimfuta mzee mdomo pale sebuleni. Kutoka ukumbini, kwenye benchi, sauti ya Mzee Christopher ikasema, "Johari." Naye Mzee Christopher alikuwa mbele yake, mdomo wake umefumbwa ndani ya kitambaa.

Akaganda. Akasoma Ayatul Kursi kimoyomoyo, hakuitika, na sauti ikanyamaza.

Kesho yake ikaita tena, na keshokutwa. Akinyi alipoingia zamu, Johari akamweleza kwa kunong'ona jikoni. Akinyi ni mtu wa Kisumu, mlokole, na mambo ya pwani humchekesha.

"Wee Johari, umechoka. Hizo double shift zitakumaliza. Mimi nalala hapa kila siku na sijawahi skia kitu."

"Wewe hawakuiti, mwenzangu. Wananiita mimi."

"Basi usiwajibu, period."

Na Johari hakuwajibu. Ikawa mazoea. Sauti ikiita, yeye anaosha vyombo. Sauti ikiita, yeye anakunja nguo. Mtu huzoea hata hofu, na hapo ndipo walipokuwa wanampeleka, taratibu, bila yeye kujua.

Siku yenyewe theluji ilikuwa imeanguka mchana. Johari alimwacha mzee kwenye kiti chake amesinzia, blanketi hadi kifuani, akaenda kutia udhu. Yumo kwenye sala akasikia, "Johari." Ilitoka nje, upande wa uani. Akaendelea kusali. "Johari, tafadhali." Sasa imejifunza hata kusema tafadhali, akawaza, na akapandisha sauti ya kisomo chake ili asiisikie. Iliita tena, ikiwa chini zaidi, na baada ya hapo haikuita.

Alipokunja mswala na kurudi sebuleni, blanketi lilikuwa sakafuni na mlango wa nyuma uko wazi. Mzee Christopher alikuwa amelala chini ya ngazi, punje za kulishia ndege zimemwagika ubavuni pake, theluji imeanza kumshika nyusi. Johari alimpiga kifua kama alivyofundishwa, akalia, akamwita kwa jina lake, na wa kuitika hakuwepo tena. Watu wa ambulensi walisema ni moyo. Mwanawe, Ryan, aliyepanda ndege kutoka mbali kuja kuzika, alimshika Johari mikono miwili akamshukuru kwa wema wake. Hilo lilimuuma kuliko tusi.

Hakurudi tena katika nyumba ile. Alidhani yaliyomo humo yatabaki humo.

Asubuhi moja, nyumbani kwake Manassas, Safa alikuwa amesimama mbele ya sofa na bakuli lake la nafaka, hakai.

"Mama, who was sitting here? It's all warm."

Johari akaweka kiganja. Sofa nzima, mwanzo hadi mwisho. Na ile harufu ya kondoo.

"Kale mezani, mwanangu," akasema, akimsogeza mbali na sofa.

Magharibi ile aliitwa. Sauti ya Mzee Christopher ilitoka kwenye sofa, ikatamka jina lake mara moja, kwa upole, na yeye akaziba masikio. Jioni ya pili ikawa hivyo hivyo. Jioni ya tatu haikuwa na upole, na nyuma yake palikuwa na watu wengine wanaguna, wanakohoa, wanasogeza miguu kwenye majani makavu ambayo hayakuwepo. Asubuhi akakuta sufuria yake ya pilau haipo. Siku ya pili koti lake la baridi halipo. Akakumbuka kijiko cha supu kikining'inia, na mzee akisema wanakamata mpaka aje. Na asubuhi iliyofuata Safa akazunguka nyumba nzima kwa soksi, akiuliza ni nani kachukua viatu vyake vya shule.

Viatu vya Safa. Hapo Johari alikaa chini sakafuni, maana walikuwa wamemaliza vitu vyake wakaanza vya mtoto, na baada ya vitu vya mtoto aliona kilichobaki.

Akampigia Maalim Abdulsamad wa Columbia. Mchana Maalim hutengeneza simu, lakini watu wa pwani wa Maryland na Virginia wanamjua kwa kazi nyingine. Alikuja kabla ya magharibi na chetezo, ubani na chupa ya marashi. Akinyi naye alikuja, na Biblia yake kwenye mkoba, akisema yeye amekuja tu kumshika mwenzake mkono. Safa akaambiwa akae chumbani na asitoke kwa lolote.

Maalim alisikiliza kisa chote ametazama sofa.

"Bi Johari, mfu harudi," alisema kwa sauti ya chini. "Hawa ni majini. Wamekaa na benchi lile miaka na miaka, wakiwatazama watu wanahukumiana, mpaka wakajifunza. Wewe sasa umeshaitwa na umeshakamatiwa, kukimbia hakufai tena. Waitike, useme kweli, yaishe. Lakini mwengine yeyote humu, wakiuliza neno, asijibu. Tumeelewana?"

Akinyi akaitikia kwa kichwa. Hakuwa anacheka leo.

Maalim akaanza kisomo, na moshi wa ubani ukapanda ulivyo kawaida yake, kisha, taa za maegesho zilipowaka huko nje na dirisha likawa jeusi, moshi ule ukainama wote upande mmoja kana kwamba mlango umefunguliwa, na mito ya sofa ikaanza kudidimia, mmoja baada ya mwingine, kwa uzito wa watu wasioonekana wanaojisogeza ili wenzao wapate nafasi, na harufu ya kondoo na ya mafuta ya mishumaa na ya nguo zisizofuliwa ikajaa chumba kile kidogo hadi Akinyi akajiziba pua, na katikati yake ikatoka ile sauti, kwa Kiingereza kizuri cha Mzee Christopher, ikisema, "Johari."

"Naam," akasema Johari.



Sauti ikamuuliza kama aliisikia ile sauti ya uani.

"Niliisikia." Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyapangusa. "Niliisikia nikadhani ni nyinyi. Nyinyi ndio mlionizoesha. Mliniita na mliniita mpaka mtu aliyekuwa akinihitaji akawa sawa na nyinyi."

Sofa ikaguna. Johari alihisi wanatazamana, na alihisi pia, kwa baridi iliyompanda miguuni, kwamba wanafurahi. Sauti ikatamka hukumu yao. Amesikia asiitike. Kuanzia leo, kila akiitwa, ataitika. Mara ya tatu akiwa hajaitika, atachukuliwa mdhamini wake. Kisha ikauliza, nani anamdhamini?

Maalim akainua kiganja kuwakumbusha wanyamaze. Akinyi alifungua mdomo akaufumba. Sauti ikauliza tena, nani anamdhamini mwanamke huyu, na Johari akahisi kitu kimemshika kifundo cha mguu, vidole vigumu vya mtu wa shamba, kinaanza kumvuta kwenye zulia kuelekea sofa, naye hakupiga kelele, alikuwa amelikubali, ilimradi liishie kwake.

Mlango wa chumbani ukafunguka.

"Me," akasema Safa. Alikuwa na soksi tu miguuni, uso umelowa. Kisomo hakukielewa, onyo la Maalim hakulisikia, lakini Kiingereza cha watu wale alikisikia neno kwa neno kupitia mlangoni. "I'll do it. She's my mom. Let go of her."

Mkono ukaachia. Mito ya sofa ikainuka yote kwa pamoja, moshi ukasimama wima, harufu ikaondoka. Kwenye zulia, vimepangwa vizuri, palikuwa na sufuria, koti na viatu vya shule.

Akinyi akaanza kumshukuru Mungu kwa Kijaluo. Maalim alinyunyiza marashi kila pembe, akasoma dua ya kufunga nyumba, na alipoulizwa na Johari kama yamekwisha alisema inshallah, akiangalia viatu vyake. Chai hakunywa.

Siku zikapita, na Johari akawa mtu wa kutega masikio. Kila magharibi alizima televisheni, akazima bomba la maji, akakaa tayari. Wangemwita mara moja tu angeitika. Wangemwita mara mia angeitika mia. Hakuitwa. Mwezi ukaisha hajaitwa, na akaanza tena kulala, na siku moja akajikuta anaimba jikoni.

Jioni hiyo hiyo alikuwa anakata vitunguu, Safa yuko mezani na hesabu zake za shule. Dirisha lilikuwa limeshaingia giza. Safa akainua kichwa akatazama mlango wa nje.

"Mama, aren't you gonna answer?"

Kisu kikasimama. "Nimjibu nani?"

"They keep calling you." Safa alimkazia macho, akishangaa kwamba inabidi amwambie. "That was three."

Johari hakuwa amesikia kitu. Friji inanguruma, gari la jirani linaegeshwa, basi. "Naam," akasema. Akakimbia akafungua mlango, akasema naam, nipo, nimesikia, akarudia kwa Kiingereza, akalipigia kelele eneo zima la maegesho hadi mama mmoja akasimama na mifuko yake kumtazama. Hapakuwa na anayemsikiliza. Hawakutaka kuitikiwa na yeye tangu mwanzo.

Aliporudi ndani, Safa alikuwa ameshavaa viatu vya shule, anafunga kamba.

"It's okay, Mama," akasema. "I said I would."

Johari alimvamia akamkumbatia kwa nguvu zake zote, akazika uso wake katika nywele za mtoto, na nywele zilikuwa zinanuka kondoo aliyelowa mvua.