Mgeni Asiye na Jina

Ilikuwa Jumanne, tarehe mbili Septemba, saa saba na dakika kumi na mbili mchana, Khuê alipoualika mkosi mezani kwa kinywa chake mwenyewe.

Alifanya kazi katika duka la miwani, na ng'ambo ya uwanja wa kuegeshea magari ulikuwapo mkahawa wa Mama Sáu, wenye chakula cha bei nafuu kuliko yote mtaa ule wa Houston. Alikaa peke yake, meza ya dirishani, mbele ya wali wa chenga na samaki wa chunguni. Kwao Nam Định, kaskazini mwa Vietnam, mdogo hainui vijiti vya kulia kabla ya kuwakaribisha wakubwa. Bibi aliyemlea alikuwa amezikwa tangu Machi, na Khuê hakufika mazishini. Mchana ule mazoea yakamponyoka.

"Karibuni tule," aliuambia upande wa pili wa meza, penye kiti kisicho na mtu.

Kiti kikasogea. Kidogo tu, upana wa kidole.

Samaki hakuwa na ladha, kama nta. Wali uliokuja ukifuka mvuke ulikuwa umepoa kabla hajameza tonge la pili.

Kesho yake alikaribisha tena, safari hii kwa makusudi. Ikaja harufu ya tope la mtoni.

"Bibi, ni wewe?" alinong'ona.

Kijiti kiligonga chenyewe ukingo wa bakuli mara tatu. Bibi yake alikuwa akiwachapa watoto waliogonga bakuli, maana hivyo ndivyo ombaomba na mizimu wanavyoitana. Khuê alilijua hilo. Akajifanya halijui, akaanza kusimulia habari za siku yake, kwa kuwa tangu Machi hakuna aliyemuuliza.

Wiki ya pili Mama Sáu alisimama mezani na kitambaa begani.

"We mtoto, mbona unakonda? Unakula kwangu kila siku, utaniharibia jina!"

"Nakula, Mama mdogo," alijibu kwa heshima ya kwao. "Sishibi tu."

Mama Sáu alikitazama kiti, akapunguza sauti. "Unaongea na nani hapo?"

"Nilikaribisha tu."

"Ulimtaja jina?"

"Hapana."

"Ala! Nyie watu wa kaskazini na mialiko yenu! Kwa kalenda yetu ya mwezi mwandamo huu ni mwezi wa saba, mizimu isiyo na ndugu iko barabarani na njaa yake, nawe unaita yeyote anayepita?"

"Labda ni bibi."

"Bibi yako ana kwao, ana wajukuu wa kumchomea ubani. Huyu hana mtu. Akimaliza chakula, atamla mlaji."

Ijumaa, saa kumi jioni, Mama Sáu alifunga mkahawa, akapanga barazani uji mwepesi, peremende, ubani, chumvi na mchele.

"Mfukuze mwenyewe. Wewe ndiye uliyemwita."

"Chakula kimekwisha," Khuê alisema. "Nenda."

Ndani ya mkahawa mtupu bakuli likaanza kugongwa, taratibu kwanza, kisha upesi, kisha mabakuli yote kwa pamoja, na harufu ya tope ikapita chini ya mlango ikawafunika, na Mama Sáu akawa anarusha mchele na chumvi lamini huku akipiga kelele njia iko huko, njia iko huko, na mkono wa majimaji ukamshika Khuê kifundo cha mguu, si kwa nguvu, bali kama anavyoshika mtu anayeomba asiachwe, ukakaa hapo muda mrefu kuliko alivyotarajia, halafu ukalegea.

Kimya.

"Mchele uliomwagwa haurudi ndani," Mama Sáu alisema, akihema. "Hata punje moja. Ukirudi, naye atarudi. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama mdogo."

Jioni ile alikula nyumbani. Ladha ilikuwa imerudi yote, chumvi, pilipili, utamu wa samaki. Alishiba. Akaosha bakuli moja, na mlio wa maji ulipokoma hapakusikika kingine.

Jumamosi, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, alichutama kwenye lami mbele ya mkahawa uliofungwa. Hakuna ndege aliyeugusa mchele ule. Aliokota punje moja moja, akazipuliza vumbi, akazifunga kwenye leso. Nyumbani aliziosha kwa maji matatu, akazipika, akapakua mabakuli mawili.

Alikuwa na kiti kimoja tu. Akamwachia mgeni, yeye akala amesimama.