Matobolwa ya Mama Tunu

Kila asubuhi Tunu alimsaidia mama yake kupanga matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, nje ya lango la shule yao pale Isevya. Fungu la kwanza lilikuwa la shoga yake Mwanajuma, bure. Jumatatu hiyo hapakuwa na fungu wala meza. Baadhi ya wanafunzi wa darasa la Tunu walikuwa wameharisha, mtu akasema matobolwa ndiyo sumu, na Mwalimu Mkuu akamfukuza mama.

Mtu mwenyewe nani? Mwanajuma! Alisimama darasani macho makavu. "Wagonjwa ni kumi na wanane, na kumi na watatu walikula matobolwa. Mnataka ushahidi gani tena?"

Jamani, Mwanajuma ambaye Tunu alilala naye kitanda kimoja! Mama angesingiziwa na mtu baki, Tunu asingeumia hivyo.

Mwalimu Nikolaus wa hesabu alichora visanduku vinne ubaoni: waliokula wakaugua, waliokula wasiugue, wasiokula wakaugua, wasiokula wasiugue. "Mwanajuma, umehesabu kisanduku kimoja tu. Mko sitini, na arobaini mlikula. Kama matobolwa hayahusiki, wagonjwa wangegawanyikaje?"

"Waliokula ni theluthi mbili, basi kumi na wawili kwao," Tunu alijibu kwa sauti ndogo. "Sita kwa wasiokula."

"Nasi tumepata kumi na watatu, na watano." Akawafundisha kipimo kiitwacho kai-mraba: kwa kila kisanduku, tofauti ya waliopatikana na waliotarajiwa izidishwe kwa yenyewe, igawanywe kwa idadi iliyotarajiwa, kisha vyote vinne vijumlishwe. Jibu likawa 0.36. "Likizidi 3.84 ndipo tunashuku uhusiano. Hapa hatujauona."

Wakahesabu upya kwa maji ya kunywa ya ndoo ya darasa. Nusu yao waliyanywa, kwa hiyo kila upande ulitarajiwa kuwa na wagonjwa tisa. Waliokunywa wakawa kumi na saba, wasiokunywa mmoja! Kai-mraba ikaruka hadi 20.3, na darasa zima likaguna.

"Hesabu haijatutajia sababu, imetuonyesha pa kutazama," alisema Mwalimu, akafunua ndoo. Lo! Ute wa kijani ulikuwa umeganda ndani. Kuisugua ilikuwa kazi ya Mwanajuma, kiongozi wa afya.

"Nilijua sijaisugua," Mwanajuma alilia. "Niliogopa kuvuliwa uongozi."

"Ukihesabu yanayokufaa tu, utamhukumu asiye na kosa," Mwalimu aliwaambia wote. "Na uchafu wako hauondoki kwa kumpaka mwenzako."

Mwalimu Mkuu alimwomba mama radhi, na meza ikarudi langoni. Mwanajuma akaja taratibu. "Nisamehe, shoga."

Tunu hakumtazama. "Ningekusaidia kuisugua," alisema. "Ungeniambia tu."