Kengele ya Manowari

Rafiki yangu Tobias, mkulima wa tumbaku wa Usoke, aliniapia kuwa haya yalimpata mwaka 1974, walipokuwa wakihamia kijiji cha Ujamaa. Mwenyekiti alimtuma yeye na mkewe Getruda wakachukue kengele kwenye ghala kuukuu. Ilikuwa ya manowari ya Waingereza iliyoundwa enzi za Malkia Viktoria. Meli ilipokatwakatwa kuwa chuma chakavu, kengele ikaletwa bara kwa reli.

Ghala halikuwa na dirisha. Tobias alipapasa gizani, akaikuta imewekwa mdomo chini sakafuni. Alipoigusa tu, ikagongwa kutoka ndani, ngo, ngo, ngo.

"Getruda, umesikia?"

"Nimesikia. Tuondoke, baba Josepha!"

"Huenda ni panya."

"Panya gani anagonga hivyo?"

Akaiinua, Getruda akausukuma mlango wazi ili mwanga uingie. Hapakuwa na kiumbe, ila kidimbwi cha maji kisichozidi upana wa sinia. Mvua haikuwa imenyesha tangu Aprili. Getruda alichovya kidole, akaonja, akatema.

"Chumvi," akanong'ona.

Wakaiacha kengele palepale, wakarudi kinyumenyume hadi mlangoni. Upepo haukuwepo hata kidogo, lakini maji yale yalikuwa yakipanda na kushuka, yakipanda na kushuka.