Fundi Aliyebisha Hodi Nyumbani Kwake

Fundi makochi alikuwa mtu wa maneno mengi na tumbo kubwa. Mtaani walimwita Sponji. Jina hilo halikumuudhi hata kidogo. "Sponji nzuri hukaliwa na watu wengi," alisema, "na hainung'uniki."

Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Chumba kilijaa mbao, gundi na vitambaa. Alifanya kazi kutwa nzima, ama amekaa, ama amepiga magoti, misumari midogo ikiwa mdomoni. Mke wake alikuwa dobi. Walikuwa na mabinti mapacha waliosoma shule ya bweni, kwa hiyo watu walimwita Mama Pacha. Yeye alifua shuka za nyumba ya wageni. Uani kwake kamba hazikukosa shuka nyeupe.

Mwaka huo Sponji aligunduliwa kuwa na kisukari. Daktari alimpa vidonge. Akamwambia pia apunguze vitu vitamu na mafuta, na atembee kila siku. Sponji alitaka kuuliza atembee saa ngapi. Lakini nyuma yake foleni ilikuwa ndefu, na watu walianza kukohoakohoa. Akaona haya, akatoka.

Jibu alilipata kwa mteja aliyekuja kuulizia kochi lake.

"Mazoezi ni alfajiri, tumbo likiwa tupu," mteja alisema. "Hapo mafuta yanayeyuka yenyewe. Na dawa meza kwanza, ikufanyie kazi ukiwa njiani."

Mteja mwenyewe hakuwahi kuonekana akitembea, isipokuwa kutoka garini hadi kitini. Lakini Sponji aliyashika maneno yake kama msumari unavyoshika mbao. Kila siku aliamka kabla ya mwanga. Alimeza vidonge kwa maji matupu, akavaa raba, akatoka. Baadaye aliacha hata chakula cha usiku.

"Sitaki mafuta yapate pa kujificha," alimwambia mke wake.

Mama Pacha alifurahi. Tumbo la mumewe lilikuwa linapungua. Hakujua kuwa kuna jambo lingine linalokuja.

Asubuhi moja ukungu ulikuwa mzito. Mama Pacha alitoka uani kuanua shuka. Upepo haukuwapo. Shuka zilining'inia kimya, moja nyuma ya nyingine. Ghafla moja ikatikisika.

"Hodi," sauti ikasema.

Mama Pacha akasimama na kikapu mkononi.

"Hodi hapa."

Akainama, akachungulia chini ya shuka. Akaona raba za mumewe. Zilikuwa zimetulia, ncha zikielekea kwake.

"Baba Pacha?"

Raba ziligeuka polepole, zikaenda kwenye shuka ya pili. Kidole kikagonga kitambaa, kama mtu anavyogonga mlango. Kitambaa hakikutoa sauti.

"Hodi wenyewe."

Kisha akatokeza. Asubuhi ilikuwa ya baridi, lakini uso wa Sponji ulikuwa umelowa jasho. Macho yake hayakumtazama mkewe. Yalitazama nyuma yake, kana kwamba kuna mtu begani kwake. Mama Pacha akageuka. Hapakuwa na mtu.

"Shikamoo, mama," Sponji alisema kwa adabu. "Namtafuta fundi makochi. Nimeambiwa anakaa hapa."

Nywele zilimsimama Mama Pacha. Tangu waoane, mumewe hakuwahi kumwamkia shikamoo.

"Acha mzaha, mume wangu."

"Nisaidie, mama. Huyu mwenzangu hawezi kungoja sana." Akaonyesha pembeni yake, mahali ambapo hapakuwa na kitu ila ukungu.

Mama Pacha alimshika mkono wa shati, akamwingiza ndani. Mezani palikuwa na ndizi mbivu. Sponji alizivamia. Alikula moja, akala nyingine, akala zote, huku mikono ikimtetemeka. Halafu akajifuta jasho. Baada ya muda uso wake ulirudi kuwa uso wake.

"Mbona unanitazama hivyo?" aliuliza.

"Umetoka wapi?"

"Si nimetoka kutembea? Nimeingia sasa hivi." Akayaona maganda. "Haya, nani kazimaliza ndizi?"

Siku nyingine Mama Pacha angecheka. Siku ile hakuweza.

Wifi yake, dada mkubwa wa Sponji, alikaa nyumba ya jirani. Aliposikia habari hiyo alifunga mlango kwanza, ndipo akasema.

"Njia ile ya maghala anakopita mumeo si ya kupita kabla ya jua, wifi. Kuna kitu kinamwazima."

"Kinamwazima vipi?"

"Kinamvaa kama koti. Kikichoka, kinamrudisha. Iko siku hakitamrudisha."

"Sasa tufanye nini?"

"Mfungie mlango. Na usimfuate. Ukimfuata, mtapotea wawili."

Jioni Mama Pacha alimsihi mumewe asitoke tena. Sponji alicheka. "Dada yangu huyo anaogopa hata kivuli cha ungo."

"Uliniamkia, mume wangu."

Sponji akaacha kucheka. "Mimi? Nikuamkie wewe?" Alitazama mikono yake kwa muda mrefu. "Basi ni uchovu," alisema mwishowe, akasukuma sahani ya chakula bila kuigusa.

Kesho yake, giza lilipoanza kufifia, mlango ulilia. Mama Pacha alikuwa macho. Alijifunga kanga, akamfuata.

Mwanzoni Sponji alitembea vizuri, akirusha mikono. Walipoacha nyumba nyuma, mwendo wake ulibadilika. Alianza kwenda upande upande, kama mtu anayevutwa mkono na mwenzake. Taa za barabarani zilikuwa chache, na kila moja ilikuwa na duara la ukungu. Sponji aliingia katika duara, akatoka, akaingia katika jingine. Kwenye kona ya maghala hakutokea tena.

Mama Pacha alikimbia. Kandambili zilimtoka miguuni, hakuzirudia. Ndipo akasikia sauti ya mumewe. Ilikuwa sauti yake ya kazini, ile ya kuongea na wateja.

"Hili refu. Litakula sponji nyingi. Watakalia wangapi?"

Kimya. Ni kimya cha mtu anayesikiliza jibu.

"Wote hao?"

Alimkuta amepiga magoti mbele ya ukuta wa ghala lililofungwa. Mkono mmoja ulishika utepe wa kupimia, mwingine chaki. Alikuwa anapima ukuta kama anavyopima kochi.

"Baba Pacha, twende nyumbani."

"Subiri, mama. Wateja wamekaa."

Mama Pacha aliutazama ukuta. Ulikuwa mweusi, umelowa, na hapakuwa na mteja yeyote. Aliushika mkono wa mumewe. Ulikuwa baridi kama shuka iliyotoka majini.

Nyuma yake akasikia hatua. Zilikuja polepole. Akageuka. Ndani ya ukungu kikatokea kitu cheupe, kirefu, kikawakaribia.

"Mama Pacha? Ni wewe?"

Alikuwa muuguzi, jirani yao wa nyumba ya tatu. Alikuwa anarudi kutoka zamu, bado amevaa sare yake nyeupe. Mama Pacha akakaa chini.

"Amechukuliwa, dada," alisema huku akilia. "Mume wangu amechukuliwa."

Muuguzi hakuuliza amechukuliwa na nani. Alipiga magoti, akamgusa Sponji shingo na viganja.

"Kaka fundi, mimi nani?"

"Wewe mteja," Sponji alijibu. Ulimi ulikuwa mzito. "Kaeni, kaeni."

"Anatumia dawa ya kisukari?" muuguzi aliuliza.

"Ndiyo."

"Leo amemeza?"

"Kabla ya kutoka."

"Amekula nini?"

"Hajala. Hata jana usiku hakula."

Muuguzi alifungua mkoba haraka. Akatoa chupa ya soda. "Kunywa, kaka. Kidogo kidogo."

Mama Pacha alimdaka mkono. "Soda? Kwa mgonjwa wa sukari? Utaniulia mume!"

"Sukari yake imeisha, Mama Pacha. Anaweza kufa kwa kuikosa. Niachie mkono."

Walitazamana. Sponji alianza kuegemea ukuta, macho yakifumba. Mama Pacha akauachia mkono.

Sponji alikunywa, akapumzika, akanywa tena. Wakangoja. Mbingu ilianza kuwa na rangi ya majivu. Robo saa hivi ikapita, mikono yake ikaanza kupata joto. Aliutazama utepe. Aliitazama chaki. Halafu akatazama miguu ya mkewe.

"Mama Pacha, mbona huna viatu?"

Mama Pacha alilia upya, lakini kilio hicho kilikuwa kingine.

Walirudi nyumbani. Muuguzi alihakikisha kwanza Sponji amekula mkate na yai. Wifi naye alikuja, akasimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mwingine nje.

"Sukari ndiyo mkaa wa mwili," muuguzi alieleza. "Mama Pacha, pasi yako ya mkaa ikiisha mkaa inakuwaje?"

"Inapoa."

"Sasa, kutembea kunachoma mkaa. Vidonge vyake navyo vinaupunguza. Na yeye hakutia mkaa mwingine tangu jana mchana. Mwili ukapoa. Ubongo hauwezi kukaa bila sukari. Mtu hutetemeka, hutoka jasho la baridi, moyo humwenda mbio. Wengine huongea wasiyoyajua, mtu ukadhani wamelewa. Wengine huzimia kabisa."

"Ndiyo maana alipokula ndizi alirudi," Mama Pacha alisema taratibu.

"Ndizi zilimwokoa, ila zinachelewa kidogo. Ukimwona hivyo tena, koroga vijiko vitatu vinne vya sukari katika maji, anywe. Angoje robo saa. Asipopata nafuu, mpe tena. Akipata nafuu, ale chakula. Lakini akiwa amezimia, usimtie kitu mdomoni, kitampalia. Mlaze ubavu, mkimbize hospitali."

Wifi alikohoa. "Kwa hiyo pale maghalani hakuna kitu?"

"Napita pale kila nikitoka zamu, dada. Nimewahi kukutana na ukungu, na mbwa. Na leo, kaka fundi."

Sponji alisukuma sahani tupu pembeni. Sasa akauliza swali lake la siku nyingi, na safari hii hakuona haya. "Basi nitembee saa ngapi?"

"Hakuna saa moja ya watu wote," muuguzi alisema. "Wapo wanaotembea alfajiri na wako salama. Wako pia wenye kisukari ambao dawa zao haziwashushi hivi. Kila mtu aulize kuhusu dawa yake. Wewe tafuta saa ambayo umeshakula, kuna mwanga, jua halichomi, na watu wapo wa kukuona. Tena iwe saa utakayoweza kuishika kesho na keshokutwa. Kutembea baada ya kula kunasaidia sukari isipande sana. Lakini leo kwanza twende kliniki."

Kliniki daktari alimpima Sponji, akasikiliza kisa chote. Alimpunguzia vidonge, akamwambia avimeze pamoja na chakula. "Na usiongeze wala kupunguza dawa kwa ushauri wa mteja," alimwambia.

Kupata saa hakukuwa rahisi. Sponji alijaribu saa sita mchana. Jua lilimtwanga, akarudi na kichwa kinachouma. Alijaribu baada ya chakula cha jioni. Alikaa kidogo kwenye kochi la mteja avae raba, akalala nayo moja mguuni. Mwishowe walikubaliana alasiri. Walikula, wakapumzika kidogo, na jua lilipopoa wakatoka pamoja, yeye na mkewe. Mfukoni Sponji aliweka kipakiti cha sukari. Wifi aliwafuata nyuma. Alisema anawalinda, lakini baada ya wiki chache alikuwa anatangulia mbele.

Siku moja walipita njia ya maghala. Kulikuwa kweupe, na watu walikuwa wakirudi kutoka kazini. Kwenye ukuta walikuta mistari ya chaki. Ilikuwa imenyooka vizuri, na vipimo vimeandikwa chini yake. Lilikuwa kochi refu kupita kiasi, lenye nafasi za watu wengi.

"Ni mwandiko wako," Mama Pacha alisema.

"Ni wangu," Sponji alijibu. "Na sikumbuki hata mstari mmoja." Alifuta kwa kiganja mpaka ukuta ukabaki mtupu, kisha akamshika mkewe mkono.

Mvua zilipoanza, vipimo vyake vya sukari vilikuwa vizuri. Alipanda ngazi za nyumba ya wageni na kapu la shuka begani, asihemewe. Mama Pacha mwenyewe mgongo uliacha kumuuma. Wifi alianza kuwauliza majirani wenye kisukari kama wamekula kabla ya kutoka, na aliuliza kwa sauti kubwa, hata barabarani.

Bado iko siku Mama Pacha huzinduka alfajiri. Nje huwa na ukungu, na shuka zimetulia kambani. Husikiliza. Halafu hunyoosha mkono kitandani, akagusa mgongo wa mumewe. Ni mkavu na una joto.

"Lala, mke wangu," Sponji humwambia bila kufungua macho. "Saa yetu bado."