Panya Aliyekula Ukuta

Fundi mwashi alijenga nyumba yake kwa mikono yake. Ukuta wa jikoni ulibaki wa udongo, ukisubiri saruji ishuke bei. Wakubwa wa serikali walisema itashuka. Fundi alishaacha kuwasikiliza siku nyingi.

Asubuhi moja alikuta kishimo ukutani, karibu na kigoda cha mke wa mwanawe. Akakiziba. Kesho yake kishimo kimerudi, tena kimenenepa.

"Panya gani huyu?" alifoka. "Anakula ukuta, mkate anauacha!"

Mke wa mwanawe alikuwa na mimba ya miezi mitano. Chakula kilimtia kinyaa. Asubuhi mkate na chai ya rangi, mchana mkate na chai ya rangi.

"Labda ni mchwa, Baba," alisema, macho kikombeni.

"Mchwa mwenye kucha?"

Siku ya tatu fundi alinunua sumu ya panya, akaikoroga kwenye udongo mbichi. "Leo atanitambua!"

Kikombe kikaanguka. "Baba, usipake! Panya... ni mimi."

Mwiko ukabaki hewani. "Wewe? Unanilia nyumba?"

"Ni hamu, Baba. Nikinusa udongo ulioloa, mate yananijaa."

Fundi aliitupa ile sumu chooni. Marehemu mkewe naye alikula udongo. Watu walicheka tu. Akafia uzazini, damu haikumtosha. Wenye ofisi za afya walileta pole, elimu hawakuleta.

Siku hiyohiyo wakaenda zahanati. Muuguzi alimvuta binti kope ya chini, akampima damu.

"Dada, damu yako ni kidogo. Mtoto hujengwa kwa kile unachokula. Usipokula vizuri, anaweza kuzaliwa kabla ya siku zake, au akawa mdogo mno."

"Kumbe mjukuu wangu anajengwa kwa chai!" fundi alidakia. "Hata mimi sijengi hivyo. Na udongo je?"

"Udongo una mayai ya minyoo, Baba. Minyoo nayo hunyonya damu."

"Sasa ale nini? Sisi si mawaziri."

"Maharage, mboga za majani, dagaa, tunda. Yai likipatikana. Chai asinywe pamoja na chakula, inazuia madini ya kuongeza damu. Na vidonge hivi, kila siku."

"Mbona hamtuambii mapema?"

"Bango lile pale."

Fundi aliinua shingo. Bango lilikuwa karibu na dari, maandishi madogo kama chawa.

"Mliwaandikia mijusi?"

Muuguzi alicheka, akapanda kiti kulishusha.

Tangu hapo fundi alikaa mlangoni mwa jikoni kama askari. Sahani haikutoka mpaka iwe tupu. Mimba ilipofika mwezi wa saba, hamu ya udongo ilikwisha, na kipimo kikaonyesha damu imepanda.

Mtoto alizaliwa na kilo tatu na robo, sauti kama ya kondakta. Majirani walimiminika na vinguo.

"Nguo nimeziona," fundi aliwaambia. "Mama yake ananyonyesha. Mmemletea nini cha kula?"

Jirani mmoja, soksi mkononi, aligeuka kimyakimya kwenda kufuata mayai.